Nani alishika funguo za lango? Kulinganisha miji ya kale yenye kuta

Swali: Naandaa mada ya kulinganisha miji ya kale iliyozungushiwa kuta. Nimechagua minne: Carcassonne (Ufaransa), Fez (Morocco), Xi'an (China) na Harar (Ethiopia). Karibu kila ninachosoma kinasema kuta zilijengwa kwa sababu ya vita, kisha habari inaishia hapo. Je, miji hii ilikua kwa njia moja? Kwa nini barabara za Xi'an zimenyooka na Fez ni vichochoro vitupu? Kwa nini wengine walibomoa kuta zao na wengine wakazibakiza? Na je, nimechagua vizuri?

Jibu: Nianze na vita, maana ndipo vitabu vyako vinapokomea. Ni kweli, hakuna anayeinua ukuta wa mita 12 kwa mapambo. Lakini hofu peke yake haijengi kitu. Ukuta unataka mtu wa kuita maelfu ya vibarua, kuwalisha msimu mzima, kutwaa viwanja vya watu, na kuendelea kukarabati kila mvua inapobomoa. Ipo miji iliyoishi na maadui jirani kwa vizazi bila ukuta kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu hizo, na ipo iliyojengewa ukuta adui akiwa mbali kabisa. Kwa hiyo mimi huanza na swali jingine: nani aliulipia, na usiku funguo za lango zililala kwa nani? Jibu lake hueleza mengi kuliko orodha ya vita.

Tuanze na China, kwa sababu huko jibu liko wazi kuliko kwingine. Funguo zilikuwa za dola. Mji wenye ukuta ulikuwa makao ya ofisa aliyetumwa na ikulu kutawala wilaya au mkoa, na ukuta ulikwenda na cheo cha mji kama mhuri unavyokwenda na ofisi. Maandishi ya kale ya Kichina kuhusu ufundi yanaelekeza kwamba mji mkuu uwe mraba, kila upande uwe na malango matatu, na barabara zikatane tisa kwa tisa. Chang'an, yaani Xi'an ya kale, mji mkuu wa nasaba ya Tang (karne ya 7 hadi ya 10), haukulifuata agizo hilo neno kwa neno, ila wazo ni lile lile: ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 84 ikapimwa na kugawanywa kwanza, nyumba zikafuata. Ndani mlikuwa na mitaa ipatayo 108, na kila mtaa ulikuwa na ukuta wake na malango yake. Jioni ngoma zilipigwa, malango ya mitaa yakafungwa, na aliyekutwa barabarani bila kibali alichapwa fimbo 20. Ndani ya mtaa wako ungeweza kutembeleana na majirani usiku kucha. Barabara kuu ndiyo iliyokuwa ya mfalme.

Kuna jambo moja kuhusu Chang'an ambalo wengi hulipita haraka, nami naliona ndilo kiini. Mji ule ulikatwa katikati, kaskazini hadi kusini, upande mmoja ukiwa wa wilaya ya Chang'an na mwingine wa wilaya ya Wannian, kila wilaya na ofisi yake. Yaani mji unaokadiriwa kufikia watu milioni moja haukuwa na uongozi wake wenyewe kama mji. Hapakuwa na meya, wala baraza la wafanyabiashara, wala hazina ya mji. Ukuta ulikuwa mmoja, lakini waliokuwa ndani hawakuwa chombo kimoja chenye sauti.

Ukitaka kuiona dola hiyo kazini kwa karibu, tazama tofali la ukuta wa Nanjing. Ukuta huo wa kilomita 35 hivi ulijengwa katika nusu ya pili ya karne ya 14 kwa amri ya mwanzilishi wa nasaba ya Ming. Ubavuni mwa matofali mengi pamegongwa maandishi: mkoa na wilaya lilikotoka, ofisa aliyesimamia, kiongozi wa kundi la kaya zilizopangiwa kazi, na jina la aliyelifyatua. Matofali yalisafirishwa kwa mashua kutoka mbali. Likipasuka kabla ya wakati wake, wakubwa walijua mlango wa kubisha. Sijui mji mwingine ambamo uwajibikaji umechomwa tanuruni namna ile.

Sasa vuka hadi Ulaya ya magharibi, karne ya 12 na 13. Huko mara nyingi mji ulitangulia na ukuta ukafuata, na waliolipa ni wenyeji wenyewe. Uingereza mfalme alitoa ruhusa kwa mji, tuseme York, kutoza ushuru maalumu kwa bidhaa zilizoingia sokoni, na fedha hizo zikaenda kwenye ukuta. Nchini Italia halmashauri za miji hazikuhitaji hata ruhusa hiyo, ziliamua zenyewe. Florence ilijizungushia ukuta kuanzia 1172, ukajaa haraka, ikaanza mwingine mkubwa zaidi mwaka 1284 na kuumaliza 1333. Raia walilinda zamu juu ya ukuta, na funguo zilikuwa mikononi mwa viongozi waliochaguliwa na vyama vya mafundi na wafanyabiashara. Katika sehemu nyingi za Ujerumani ukuta ulikuwa pia mpaka wa sheria: mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake, akiishi ndani ya mji mwaka mmoja na siku moja bila bwana kumdai, alihesabiwa mtu huru. Jambo la namna hiyo halikuwezekana Chang'an, kwa kuwa sheria iliyotawala ndani ya ukuta ndiyo iliyotawala nje.

Usichukue hapo kwamba Ulaya yote ilikuwa ya raia huru. Carcassonne yako inapinga. Ukuta wake wa nje ni kazi ya wafalme wa Ufaransa wa karne ya 13, walioutwaa mji na hawakuwaamini wenyeji. Mwaka 1240 mtoto wa ukoo uliopokonywa mji alijaribu kuurudisha, na watu wa viunga vya nje wakamuunga mkono. Alishindwa, viunga vikafyekwa, na baadaye mfalme akawaruhusu waliofukuzwa wajenge upya ng'ambo ya mto Aude. Ngome ile ya juu ilikuwa jicho la mfalme likiwatazama raia wake mwenyewe. Shika habari ya hao waliohamia ng'ambo, nitairudia.

Katika nchi za Kiislamu kuna mwelekeo wa tatu, nao ni mgumu kuelezwa kwa sentensi moja. Mara nyingi mji ulianza kama makao ya mtawala na jeshi lake, halafu watu wa kawaida wakauingilia. Khalifa al-Mansur alipoijenga Baghdad mwaka 762 aliichora duara, kipenyo chake zaidi ya kilomita 2, na malango manne yaliyoelekea Kufa, Basra, Khurasan na Sham. Katikati alikaa yeye na msikiti mkuu. Soko lilikuwa ndani mwanzoni, lakini haikuchukua muda mrefu likahamishiwa Karkh, kusini mwa ukuta, na Baghdad halisi, ile ya wafanyabiashara, ikakulia huko. Leo hakuna hata kipande cha duara lile kinachoonekana. Cairo nayo: mwaka 969 jemadari wa nasaba ya Kifatimi alizungushia ukuta eneo la ikulu, askari na watumishi, huku umma ukiendelea kuishi Fustat, mwendo mfupi kusini. Miaka ya 1087 hadi 1092 waziri Badr al-Jamali akajenga kuta za mawe na malango ambayo mpaka leo yamesimama, Bab al-Futuh, Bab al-Nasr na Bab Zuwayla. Ilipofika 1171, utawala wa Kifatimi ulipoanguka, Salah al-Din akaufungua mji uliokuwa wa ikulu kwa kila mtu, na ikulu zikageuka maduka, madrasa na nyumba za watu. Hapo mji ulilelewa na wakfu: tajiri au mtawala anajenga msikiti, chemchemi na fremu za maduka, kodi ya maduka inatunza msikiti na chemchemi. Kuta za nje zilikuwa za sultani. Maisha ya kila siku yalikuwa ya mtaa, na mtaa ulikuwa na mlango wake uliofungwa usiku na mlinzi aliyelipwa na wakazi. Jeshi la Napoleon lilipoingia Cairo mwaka 1798 liling'oa milango hiyo ya mitaa. Lilijua ukuta wa kweli ulikuwa upi.

Fez inaanza tofauti kidogo, na ni nzuri kwa mada yako. Ilikuwa miji miwili iliyotazamana, mto katikati, kila mmoja na ukuta wake, msikiti wake na soko lake. Yote miwili ilianza kati ya mwisho wa karne ya 8 na mwanzo wa karne ya 9. Almoravidi, nasaba ya Waberberi, walipoiteka katika karne ya 11 walibomoa kuta za kati na kuiunganisha. Kisha mwaka 1276 nasaba nyingine, Wamarini, wakajenga mji wa tatu kando yake, Fes Jdid, kwa ajili ya ikulu na askari, kwa sababu sultani hakutaka kulala katikati ya watu wa Fez ya zamani. Kwa hiyo ndani ya mji huo mmoja unaona ukuta unaobomolewa ili kuunganisha na ukuta unaojengwa ili kutenga, vyote katika kama miaka mia mbili.

Sasa suala la barabara zilizonyooka. Utasoma mara nyingi kwamba Wachina wanapenda mpangilio na Waislamu wanapenda faragha, ndiyo maana huku ni mraba na kule ni vichochoro. Ningekushauri uliache dai hilo. Rudi Carcassonne: ngome ya juu ni vichochoro vilivyojikunja, na mji wa chini, walikojenga waliofukuzwa, ni mraba wenye barabara zinazokatana sawasawa. Nchi moja, dini moja, mto mmoja katikati. Tofauti ni kwamba mji wa chini ulipimwa siku moja na mwenye ardhi mmoja, na ngome ya juu ilikuwa imejikusanya yenyewe tangu zama za Warumi. Fes Jdid nayo ilipangwa kwa amri moja, Fez ya zamani haikupangwa hivyo. Baghdad ilichorwa ardhini kwa majivu kabla ya kujengwa. Jaipur, nchini India, ilipimwa mwaka 1727 kwa amri ya Jai Singh wa Pili, na barabara zake kuu zimenyooka mpaka leo.

Baada ya kupimwa, mstari hudumu pale tu panapokuwa na mtu wa kuulinda. Damascus na Aleppo zilirithi barabara pana za Wagiriki na Warumi, na taratibu maduka yakaziingilia, kwa kuwa mizigo ilikuwa ikibebwa mgongoni mwa ngamia na punda, hivyo hapakuwa na haja ya upana wa magari ya kukokotwa. Kadhi alitaka njia ipitike na jirani asidhuriwe, basi. Kichochoro kisichotokea upande wa pili kilikuwa mali ya pamoja ya nyumba zilizokizunguka, na wenyewe waliweza kuweka mlango. Ni utaratibu kamili wa sheria, ila unaanza na jirani badala ya kuanza na ramani.

Na hata Xi'an si mji wa Tang unaodhani unauona. Chang'an iliangamizwa mwaka 904, mbao za majumba zikachukuliwa kwenda Luoyang, na waliobaki wakajikusanya katika eneo la zamani la ofisi za serikali. Ukuta unaopandwa na watalii leo, wenye mzunguko wa kilomita 13.7, ulijengwa kuanzia miaka ya 1370 kulifuata eneo hilo lililosinyaa na kulipanua kidogo. Unazunguka kama sehemu moja ya saba tu ya mji wa Tang. Mji ulipungua, ukuta ukaufuata.

Hilo linanileta kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu kinafanana kila mahali, na ambacho ningekifanya uti wa mgongo wa mada yako: ukuta na mji havikui kwa mwendo mmoja. Nje ya lango huwa panaota mji mwingine. Msafara unaochelewa unakuta lango limefungwa, kwa hiyo panajengwa nyumba za wageni. Mwenye bidhaa anataka kuuza bila kulipa ushuru wa langoni, kwa hiyo panazuka gulio. Halafu kinakuja kizazi kinachoamua kuzungushia ukuta viunga hivyo, na mzunguko unaanza upya. Paris ilifanya hivyo mara kadhaa tangu mwaka 1190, ndiyo maana ramani yake ni pete ndani ya pete. Beijing, pamoja na ukali wote wa dola ya Ming, ilifuata mkondo ule ule: mwaka 1553 iliamuliwa viunga vyote vizungushiwe ukuta wa nje, wakaanza upande wa kusini, fedha zikaisha, wakauunganisha hapo hapo na ukuta wa zamani. Umbo la mji mkuu wa China likabaki na nundu upande mmoja kwa miaka mia nne kwa sababu ya upungufu wa fedha.

Kinyume chake hutokea pia. Florence ilipojenga ukuta wake wa 1284 ilitarajia kukua. Tauni ya 1348 ikaua sehemu kubwa ya watu, na nafasi iliyobaki kati ya nyumba na ukuta ikawa bustani na mashamba ya watawa hadi karne ya 19. Roma iliishi ndani ya ukuta wa Aurelian, kilomita 19 uliojengwa kuanzia mwaka 271, na katika zama za kati watu wake wachache walibanana kwenye kona ya mto Tiber huku mifugo ikichunga sehemu nyingine ya mji.

Lakini usidhani kila shamba ndani ya ukuta ni dalili ya mji uliokufa. Watafiti waliotoka Ulaya walifanya kosa hilo sana walipofika Kano, kaskazini mwa Nigeria ya leo. Ukuta wa Kano ulianza katika karne ya 11 au ya 12, enzi za Sarki (mfalme) Gijimasu, ukaongezwa mara kadhaa, hata ukafikia mzunguko wa takriban kilomita 20. Ulijengwa kwa tubali, matofali ya udongo yenye umbo la pia yaliyokaushwa juani na kupangwa kwa udongo mbichi. Msafiri Mjerumani Heinrich Barth alipofika mwaka 1851 alikuta sehemu kubwa ya ardhi ya ndani haina nyumba, imelimwa. Hiyo ilikuwa nia yenyewe. Mji wenye ukuta katika nchi ya Wahausa ulikuwa kimbilio la vijiji vyote vya jirani: ukisikia farasi wa adui, unaingia na mifugo yako, na mji uliokuwa na maji, vilima viwili na mashamba ndani yake uliweza kuzingirwa bila kufa njaa. Ukuta haukupimwa kwa nyumba zilizopo, ulipimwa kwa watu watakaokuja siku ya hatari. Kila lango lilikuwa na msimamizi mwenye cheo katika baraza la mfalme. Waingereza waliuchukua mji mwaka 1903 kwa mizinga, silaha ambayo tubali haikutengenezwa kuikabili.

Benin, mji wa kusini mwa Nigeria ya leo, inakwenda mbali zaidi. Ukuta wake wa ndani, unaohusishwa na Oba (mfalme) Ewuare wa karne ya 15, ni tuta na handaki, mzunguko wake kilomita 11.6, na kutoka sakafu ya handaki hadi kilele cha tuta ni mita 17 na ushei mahali penye kina. Ila huo ni mmoja tu. Nje yake kuna utando wa matuta na mahandaki unaoenea maelfu ya kilomita, ukizunguka vijiji na mashamba, kila kijiji kikipakana na kingine. Hapo ukuta ni kumbukumbu ya nani analima wapi, na mji mkuu ni fundo kubwa katika utando huo.

Gedi, kwenye pwani ya Kenya, ni ndogo, nami nitaitaja kwa jambo moja. Ina kuta mbili. Ndani ya ule wa kati kuna msikiti mkuu, jumba la kifalme na nyumba za mawe za wenye mali. Kati ya ukuta wa kati na wa nje, palikuwa hasa na nyumba za udongo na bustani. Adui hahitajiki hapo ili ukuta ufanye kazi yake kila siku asubuhi hadi jioni.

Wahispania walipojenga Manila ya ndani ya kuta mwishoni mwa karne ya 16, wao na makanisa yao walikaa ndani, na Wachina waliouendesha uchumi wa mji walitengewa mtaa wa nje, mahali mizinga ya ukutani ingeweza kufika. Walihitajiwa mchana, wakaogopwa usiku.

Harar uliyoichagua imekaa vizuri kati ya mifano hii. Ukuta wake, Jugol, unahusishwa na Amiri Nur ibn al-Mujahid wa karne ya 16, aliyetawala wakati nguvu ya mji ilikuwa imevunjika vitani na Waoromo wakisogea kutoka kusini. Huo ni ukuta wa kujikunyata: mji uliokuwa makao ya majeshi yaliyopigana mbali nyanda za juu za Ethiopia ukajifungia katika eneo lisilofika nusu kilomita ya mraba. Malango matano, na kila lango njia yake kuelekea kabila au soko fulani. Chini ya ukuta yameachwa matundu ya fisi kupita usiku kuja kula takataka za mji. Nakitaja hicho kwa sababu wanaolinganisha kuta huhesabu minara tu na kusahau kwamba ukuta ni lazima upitishe maji machafu, mizoga na uchafu. Ukiwa na nafasi katika mada yako, fuatilia mifereji.

Kuna mji mmoja unaokosekana katika orodha yako, nao hauna ukuta. Wajapani walipojenga Heijo, yaani Nara, mwaka 710 na Heian, yaani Kyoto, mwaka 794, waliiga Chang'an kwa barabara zake zote, lakini ukuta wa kuzunguka mji hawakuujenga, zaidi ya lango kubwa la kusini na kipande cha ukuta ubavuni mwake. Kwa nini? Hawakuwa na wapanda farasi wa nyikani mpakani, na ramani ile kwao ilikuwa ya heshima ya mfalme. Miaka 800 baadaye, mwaka 1591, mtawala wa kivita Toyotomi Hideyoshi aliizungushia Kyoto tuta la kilomita 22 hivi. Baada ya kizazi kimoja au viwili halikuwa na kazi, likaanza kuliwa na viwanja. Katika miji ya majumba ya kivita mwenye kulindwa na mawe na mahandaki alikuwa bwana, na wafanyabiashara wengi walikaa nje. Mfano huo unakusaidia kuthibitisha kwamba mji mkubwa unaweza kustawi bila ukuta, hivyo panapokuwa na ukuta sababu lazima itafutwe.

Kuhusu kubomoa, watu husema mizinga ndiyo iliyoua kuta. Ni nusu ya habari. Mwaka 1453 kuta za Constantinople, zilizodumu miaka elfu moja, zilivunjwa kwa mizinga. Mwaka 1494 mfalme wa Ufaransa akaingia Italia na mizinga ya kukokotwa. Jibu la Waitalia halikuwa kuacha kuta, lilikuwa kuzifanya fupi, nene na zenye buruji zilizochongoka pembeni, kama za Lucca. Gharama zikapanda mno. Siena ilijikausha hazina kwa kujenga ngome hizo na bado ikaanguka mwaka 1555. China haikupata msukosuko huo, kwa kuwa kuta kama za Xi'an zilikuwa tayari na moyo wa udongo ulioshindiliwa, upana wa mita 12 hadi 14 kileleni, na risasi ya mzinga iliingia humo ikapotea.

Ngome mpya zilileta tatizo jingine: zilihitaji uwanja mtupu mbele yake ili mizinga ione. Mji ukabanwa mara mbili, na ukuta na uwanja. Barcelona ndiyo mfano mchungu. Katika karne ya 19 viwanda vilikuwa vimejaa ndani ya kuta, jeshi lilikataza kujenga nje, kipindupindu kikaja, na hatimaye mwaka 1854 ruhusa ya kubomoa ikatoka. Miaka mitano baadaye mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà ukajaza uwanja ule kwa mitaa ya mraba. Vienna ilipata amri ya mfalme mwaka 1857, na uwanja wa mizinga ukawa barabara kuu ya Ringstrasse. Beijing ilibomoa zake katika miaka ya 1950 na 1960, na chini yake ikapitisha reli ya ardhini. Mbunifu Liang Sicheng alipendekeza juu ya ukuta pafanywe bustani ya umma. Hakusikilizwa.

Na kuna ushuru. Ukuta uliojengwa Paris kati ya 1784 na 1791 haukuwa na askari wa vita hata mmoja. Ulikuwa wa wakusanya kodi, uzuie divai na nyama kuingia bila kulipiwa. Julai 1789 wananchi walichoma vituo vyake vya malangoni siku chache kabla ya kuivamia ngome ya gereza ya Bastille. Mwenye kutaka kujua ukuta ulikuwa na maana gani kwa mtu wa kawaida aanzie hapo, kwenye bei ya chupa ya divai pande mbili za lango.

Waliobakiza kuta hawakuzibakiza kwa kuipenda historia. Pingyao, yenye ukuta wa kilomita 6 wa mwaka 1370, ilikuwa kitovu cha mabenki katika karne ya 19, biashara ikahama, na hapakuwa na fedha za kubomoa. Fez ilibaki nzima kwa kuwa utawala wa Kifaransa, kuanzia 1912, ulijenga mji mpya wa Wazungu kando na kuwaacha wenyeji ndani ya kuta. Umaskini na ubaguzi vimehifadhi mawe mengi kuliko wizara za utamaduni.

Basi, uchaguzi wako. Fez na Harar zibaki. Xi'an ibaki, mradi uitenganishe ya Tang na ya Ming tangu ukurasa wa kwanza. Carcassonne itakusumbua: serikali ilitaka kuibomoa mwaka 1850, ikaokolewa, na kuanzia 1853 mbunifu wa majengo Viollet-le-Duc akaikarabati kwa mawazo yake, pamoja na paa zile zilizochongoka ambazo wataalamu wanazibishia hadi leo. Kama hutaki kuandika kuhusu karne ya 19, ibadilishe kwa Florence, kisha ongeza Kano upate mji ambao ulizungushia mashamba kwa makusudi. Kwa kila mmoja chora ramani ya malango kabla hujachora ukuta: jina la kila lango, barabara inayotoka hapo inakwenda wapi, nani alilipwa kulilinda, na nini kilitozwa. Halafu weka alama ya soko la kwanza nje ya kila lango na mwaka lilipotajwa. Ramani hizo ukiziweka mezani pamoja, utaona wapi pa kuanzia kuandika.